Ramani ya Simu Mlimani: Wanaoitumia Wanasemaje?

Kupanda milima si jambo la watalii peke yao tena. Jumamosi asubuhi utawakuta wanakwaya, vijana wa usharika, na familia nzima pamoja na watoto wao wakipanda Vilima vya Ngong, wakizunguka ukingo wa kreta ya Longonot, au wakitembea katika msitu wa Magamba juu ya Lushoto. Ni jambo jema. Mwili unapata mazoezi, watoto wanaona kazi ya mikono ya Muumba, na baba na mama wanapata nafasi ya kuzungumza mbali na kelele za nyumbani.

Kamati ya maandalizi huwa haisahau chakula. Chapati zitafungwa, chai itatiwa kwenye chupa, maji yatabebwa. Lakini ukiuliza, “Je, njia tunaijua?” mara nyingi utajibiwa, “Usijali, iko kwenye simu.” Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na lina hatari pia. Kwa hiyo mwezi huu tuzitazame zile programu za ramani zinazofanya kazi hata pasipo na mtandao, na tusikie wanaozitumia wanazisifu kwa lipi na wananung’unika kwa lipi. Mama anayepeleka watoto porini hana budi kujua mambo haya yeye mwenyewe.

Simu inajuaje mahali tulipo?

Wengi hudhani kwamba mtandao ukikatika, simu haijui tena ilipo. Sivyo. Juu angani, kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, kuna setilaiti za mfumo uitwao GPS, ambazo hutuma mawimbi mchana na usiku. Simu huyapokea mawimbi hayo tu. Haitumi kitu kule juu. Ni kama redio ya nyumbani. Mtangazaji hajui kwamba unamsikiliza, wala hakutozi chochote kwa kumsikiliza. Kwa hiyo hata kama huna kifurushi, na hata kama hakuna mnara wa simu karibu, simu inaweza kujua ilipo. Mahali peupe hukosea kwa mita chache tu. Chini ya miti minene au kati ya magenge marefu hukosea zaidi.

Serikali ya Marekani, ambayo ndiyo mwenye mfumo huo, ilikuwa ikiuharibu usahihi wake makusudi kwa watumiaji wa kawaida, mpaka mwezi Mei mwaka 2000 ilipoacha. Tangu hapo mfumo umekuwa wa manufaa makubwa kwa watu wote.

Tatizo basi liko wapi? Liko kwenye picha ya ramani yenyewe. Setilaiti humwambia mtu yupo wapi, lakini haimchorei mto, kijiji wala njia. Picha hiyo hutoka kwenye mtandao. Usipoipakua ukiwa nyumbani, utafika mlimani uone kidoti cha buluu katikati ya karatasi tupu. Hili ndilo lalamiko la kwanza la watumiaji wengi, na dawa yake ni rahisi: ramani ipakuliwe kabla ya safari.

Programu zinazotajwa zaidi

Organic Maps husifiwa sana na watu wa kawaida. Ni ya bure, haina matangazo, na mtu hupakua eneo moja moja kwa urahisi. Huonyesha njia za miguu pamoja na mistari ya mwinuko, ile ambayo watoto wetu huiita kontua wakisoma jiografia. Ilianza mwaka 2021, ikianzishwa na watu waliokuwa wameitengeneza MAPS.ME. Hiyo ya zamani ilikuwa imeuzwa kwa wamiliki wapya mwaka 2020, na watumiaji wengi walilalamika kwamba imejaa matangazo na mambo yasiyohusu safari. Mwaka 2025 baadhi ya washiriki wa Organic Maps nao walijitenga wakaanzisha CoMaps, baada ya kutoelewana juu ya uongozi. Hata katika ramani, kumbe, watu hugawana mali na kuhama!

OsmAnd, iliyoanza mwaka 2010, hupendwa na watu wanaotaka kila kitu: kurekodi njia waliyopita, kupanga safari, kuchagua aina ya ramani. Lalamiko lake ni moja na husemwa na karibu kila mtu: ina vitufe vingi mno. Mgeni huifungua akachoka kabla hajaondoka nyumbani. Waliovumilia wiki mbili tatu husema hawawezi kuiacha.

AllTrails, ya Marekani, nayo ilianza mwaka 2010. Uzuri wake ni kwamba waliotangulia huacha maoni na picha: njia ina matope, daraja limevunjika, mahali fulani pana mteremko mkali. Lakini kupakua ramani ili itumike bila mtandao hulipiwa, na wengi hunung’unikia jambo hilo. Tena, nyota wanazotoa watembezi zisikudanganye. Kijana wa miaka 25 aliyepanda peke yake akaandika kwamba njia ni nyepesi hakuwa na mtoto mgongoni.

Gaia GPS husifiwa na wazoefu wa nyika za Marekani kwa wingi wa aina zake za ramani. Ilinunuliwa na kampuni ya Outside mwaka 2021. Nayo huhitaji ada ili ramani zake zitumike bila mtandao, na ada ndiyo lalamiko linalosikika zaidi.

Google Maps wengi wetu tunayo tayari. Kwa barabara za magari ni nzuri, na eneo lake laweza kupakuliwa. Lakini bila mtandao haitoi maelekezo ya kwenda kwa miguu, hutoa ya gari tu, na njia nyingi za porini hazimo kabisa. Si chombo cha mlimani.

Ukiniuliza mama wa kawaida aanze na ipi, nitasema ile ya bure na nyepesi. Aijue vizuri hiyo moja. Mtu mwenye programu tano asizozijua hana ramani.

Ramani inapodanganya

Hapa tusikilize kwa makini. Mwezi Julai mwaka 2021, mashirika mawili ya Scotland, John Muir Trust na Mountaineering Scotland, yaliwaonya watu wanaopanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, wenye mita 1,345. Walioifuata Google Maps walikuwa wakielekezwa kwenye maegesho yaliyo karibu na kilele, na kutoka hapo mstari ulipita mahali pa magenge ambapo hata mpandaji mzoefu angesita. Mwaka 2023, waokoaji wa North Shore Rescue karibu na Vancouver, Kanada, walionya juu ya njia iliyoonekana kwenye ramani hiyo hiyo ilhali mlimani haikuwepo kabisa. Walioifuata walijikuta penye magenge.

Na huko California, katika jangwa la Death Valley, walinzi wa hifadhi wana msemo wa huzuni: kifo kwa GPS. Wanausema juu ya wasafiri wanaofuata sauti ya chombo mpaka kwenye barabara iliyoachwa miaka mingi, gari likakwama mchangani, joto likawamaliza.

Katika habari zote hizo simu haikuharibika. Ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuinua macho na kusema, “Ngojeni kwanza, hapa hapafanani na njia.” Mama, wewe ndiwe unayeweza kulisema neno hilo. Usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mwoga.

Ramani iko kwa nani?

Jambo hili nalitaja kwa upendo, maana limo katika nyumba nyingi. Familia hutoka kwenda mlimani na ramani iko kwenye simu moja, nayo mara nyingi ni ya baba, au ya kijana mmoja wa kikundi anayejulikana kuwa mtaalamu. Mama ana simu vilevile, lakini yake ni ya picha na ya kuzungumza na jumuiya. Baba akiteguka mguu je? Simu yake ikianguka mtoni? Kikundi kikigawanyika, wenye nguvu wakatangulia, akina mama wenye watoto wakabaki nyuma, nani atawaongoza hao walio nyuma?

Tukumbuke habari ya Mariamu na Yusufu katika Injili ya Luka sura ya pili. Walirudi kutoka Yerusalemu pamoja na jamaa na rafiki, na kila mmoja akadhani mtoto yuko na wengine. Walienda mwendo wa siku nzima kabla ya kujua kwamba hayupo. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa wazazi kama sisi, waliotegemea wingi wa watu. Wingi wa watu unatia moyo, lakini hauhesabu watoto.

Basi kila mama aliye katika safari awe na ramani katika simu yake mwenyewe, na awe amejifunza kuifungua. Si kwa kumdharau mume. Msaidizi asiyejua njia atasaidiaje? Keti naye jioni moja kabla ya safari, mkiwa na chai yenu, mwombe akuonyeshe. Kama naye hajui, jifunzeni pamoja. Jaribuni kwanza mtaani kwenu: zimeni mtandao, tembeeni mpaka sokoni na kurudi mkifuata ramani. Mtaani kosa ni kicheko tu.

Hesabu ya mwendo na ya jua

Programu nyingi huonyesha muda wa safari. Watumiaji wenye watoto husema muda huo hauwafai, na wana haki. Mskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado hutumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mfano, njia ya kilomita 8 yenye kupanda mita 600 itachukua saa 2 na dakika 36. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye afya, asiyepumzika, asiyefunga viatu vya mtoto wala kumtafuta aliyekwenda kuangalia kinyonga. Pamoja na watoto, zidisha mara mbili, wala hutajuta.

Sisi tulio karibu na ikweta tunajua kwamba jua likizama, giza halichelewi. Kwa hiyo kikundi kikubaliane tangu asubuhi saa ya kugeuka. Mkisema ni saa 7 mchana, basi saa 7 mnageuka, hata kama kilele kinaonekana pale mbele. Mlima hauhami. Mtarudi siku nyingine.

Betri

Lalamiko la pili kwa ukubwa ni betri. Simu inayotafuta mtandao usiokuwepo hujichosha kama mtu anayepiga kelele jangwani. Kabla ya kuanza, bonyeza ile alama ya ndege. Kwa simu nyingi GPS itaendelea kufanya kazi. Punguza mwanga wa kioo. Fungua ramani penye njia panda, kisha zima kioo uendelee. Milima ya juu ina baridi, na baridi hupunguza nguvu ya betri upesi. Simu ikae ndani ya nguo karibu na mwili. Chukua betri ya akiba pamoja na waya wake, maana wengi hubeba betri wakaacha waya mezani. Na picha zote mia mbili mnazopiga asubuhi, kumbukeni zinakula chaji ileile itakayohitajika jioni.

Usiache kuchukua karatasi. Chora njia kwa mkono ikibidi: mto uko upande gani, kijiji cha karibu ni kipi, barabara kuu iko wapi. Karatasi haina chaji ya kuisha.

Mwongozaji bado ana kazi

Wako wanaosema kwamba kwa kuwa kuna ramani ya simu, mwongozaji ni gharama ya bure. Tusikubali. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, sheria ya hifadhi inakataza kupanda bila mwongozaji. Mlima Meru mtasindikizwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu kuna nyati. Ramani haimwoni nyati. Wala haijui kwamba jana mvua ilinyesha kule juu na kijito cha asubuhi kitakuwa mto jioni.

Ni kweli kwamba mambo yanabadilika. Mwezi Agosti mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kituo cha Horombo, kwenye mita 3,720 za Kilimanjaro. Lakini milima na misitu yetu mingi bado ina mabonde ambamo simu haina hata mstari mmoja wa mtandao. Mwongozaji wa kijijini anajua hayo yote, na fedha unayomlipa hulisha watoto wake. Mpe kazi yake, nawe uwe na ramani yako. Viwili hivyo havigombani.

Mtoto akipotea

Huko California, baada ya mtoto kupotea milimani na kufariki mwaka 1981, yalianzishwa mafunzo ya watoto yaitwayo Hug-a-Tree, yaani kukumbatia mti. Fundisho lenyewe ni fupi. Mtoto akijua amepotea, asikimbie huku na huko. Akae karibu na mti mmoja, aukumbatie kama rafiki, angoje hapo. Anayetulia mahali pamoja hupatikana upesi kuliko anayehangaika.

Mfundishe mwanao hivyo kabla ya safari. Mvalishe nguo ya rangi kali, nyekundu au ya machungwa, si kijani wala kahawia. Mtundikie filimbi shingoni, na ajue kupiga mara tatu, kisha kunyamaza asikilize. Mwambie waziwazi kwamba hatapigwa kwa kupotea, maana wako watoto wanaojificha wakisikia wanaitwa, wakiogopa fimbo. Ukiwa mtu mzima fanya vivyo hivyo: simama, keti, kunywa maji, omba, kisha ndipo ufungue ramani. Programu nyingi huweza kurekodi njia mliyopita. Kama mliiwasha tangu mwanzo, mtarudi mkiifuata. Mkipata mtandao, nambari 112 ya dharura hutumika Tanzania na Kenya. Wasomeeni tarakimu za mahali mlipo kama programu inavyozionyesha.

Tahadhari moja zaidi kwa sisi wanawake. Baadhi ya programu huwaonyesha watu wengine njia ulizopita. Ukianza kurekodi mlangoni kwako, mgeni atajua unapoishi na siku unazotoka. Rekebisha mipangilio ili njia zako zionekane kwako tu, na anza kurekodi ukifika mwanzo wa mlima.

Ramani iliyotengenezwa na majirani

Labda mama mmoja anauliza: ni nani aliyezichora njia hizi zote? Organic Maps na OsmAnd huchukua ramani yao kutoka OpenStreetMap, kazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Hiyo ni ramani ya watu wote. Mtu yeyote anaweza kuongeza kijito, zahanati, kanisa au njia anayoijua, na wengine wakaitumia bure. Ndiyo sababu mahali pengine imejaa na mahali pengine ni nyeupe: pamejaa palipo na watu waliojitolea.

Nchini Tanzania kazi hiyo imeokoa zaidi ya watembezi. Tangu mwaka 2015 mradi uitwao Crowd2Map umekuwa ukichora vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani. Ulianza kwa haja ya kuwalinda wasichana wa mkoa wa Mara wasikeketwe. Msichana alipokuwa hatarini, waokoaji walihitaji kufika kijijini kwake usiku, nao hawakuwa na ramani ya kuwafikisha. Huko Serengeti, shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, huwapokea wasichana hao katika nyumba salama. Watu wa kujitolea walichora nyumba na barabara kwa kutazama picha za setilaiti, na wenyeji wakajaza majina kwa simu zao. Njia moja iliyochorwa vizuri imekuwa mlango wa kutokea kwa binti wa mtu.

Mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja alilazimika kuyajua mabonde. Upendo ulimtoa nyumbani. Kuijua njia kulimfikisha kwa aliyepotea. Vyote viwili vilihitajika.

Kwa hiyo kabla ya safari ijayo ya usharika wenu, wakati kamati inagawa kazi za chapati na maji, ongezeni kazi moja. Akina mama watatu wateuliwe, kila mmoja awe na ramani iliyopakuliwa na kujaribiwa: mmoja atembee mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma kabisa pamoja na watoto. Aliye nyumbani aachiwe majina ya waliokwenda, njia watakayopita, na saa watakayorudi. Ikipita saa hiyo na hawajaonekana, asisubiri asubuhi, atoe taarifa. Watoto wahesabiwe kila mnapopumzika, kwa majina na si kwa macho. Kisha ombeni, muanze mwendo.

Mungu awatangulie njiani, awarudishe nyote mkiwa na idadi ileile mliyotoka nayo.